Uliza Ujibiwe: Ardhi iliyoambiwa haina mwenyewe

Toleo lililopita lilikuwa na ukurasa mmoja juu ya wenyeji wa asili wa Australia, yaani Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, na jinsi walivyodai ardhi yao. Barua nyingi zilizotufikia zimetoka Lindi na Mtwara, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: yaliyowapata wale yanatuhusu nini sisi? Tumechagua sita.

Shikamooni wahariri. Nafundisha historia kidato cha tatu. Wanafunzi wameniuliza inakuwaje nchi yenye watu itangazwe haina mwenyewe. Niliwajibu kwamba hayo ni mambo ya Australia. Je, nilikosea?
*Mwalimu, Masasi*

Marahaba, Mwalimu. Ulichosema ni nusu ya jibu.

Waingereza walipotia nanga Sydney Cove tarehe 26 Januari 1788 hawakuandikiana mkataba na mtu yeyote, wala hawakununua hata shamba. Waliowakuta hawakuwa na jembe la kukokotwa wala ua, kwa hiyo wageni wakajiridhisha kuwa watu hao wanapita tu juu ya ardhi, hawaimiliki. Mwaka 1835 mlowezi mmoja, John Batman, alidai kuwa amenunua ardhi ya watu wa Kulin pale Port Phillip, ambapo leo ni jiji la Melbourne, kwa mablanketi, visu, mashoka na unga. Gavana Richard Bourke alitoa tangazo kuufuta ununuzi huo. Hakuufuta kwa kuwa wenyeji wamepunjwa. Aliufuta kwa sababu anayeuza ni lazima awe mwenye mali, na serikali haikutaka kabisa kukubali kwamba ardhi ile ina mwenye mali zaidi ya Mfalme.

Nusu ya pili iko hapa kwetu. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Wajerumani ilitoa amri kwamba ardhi yote ya koloni lake la Afrika Mashariki haina mwenyewe na ni mali ya Dola, isipokuwa pale ambapo mtu, jumbe au jamii itathibitisha haki yake. Mzigo wa kuthibitisha ukawekwa kichwani kwa aliyekuwa akilima. Waingereza nao, katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, wakaiita ardhi ya umma iliyo chini ya Gavana, na ilipofika 1928 wakaongeza kifungu cha kutambua kuwa wenyeji wanaikalia kwa mila zao. Waandikie wanafunzi ubaoni amri ya 1895 na tangazo la Bourke, ubavu kwa ubavu. Wataona wenyewe.

Kwa Waaborijini uongo huo ulidumu kortini hadi tarehe 3 Juni 1992. Eddie Koiki Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, katika Torres Strait, walikuwa wamefungua kesi mwaka 1982. Mwaka 1985 bunge la Queensland likatunga sheria ya kuzifuta haki zao kinyumenyume, ili kesi ikose cha kuamuliwa. Sheria hiyo ilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 1988, kwa majaji 4 dhidi ya 3, kwa sababu ilipingana na sheria ya mwaka 1975 inayokataza ubaguzi wa rangi. Hukumu ya mwisho, iliyokubali kuwa watu wa Mer wana haki juu ya ardhi yao, ikaja kwa majaji 6 dhidi ya 1. Mabo alikuwa amefariki Januari mwaka huohuo. Wanafunzi wasichanganye: Mahakama Kuu ya Australia ndiyo ya mwisho, kama ilivyo Mahakama ya Rufani kwetu.

Ni kweli kuwa Waaborijini walipewa uraia na haki ya kupiga kura mwaka 1967?
*Mwanafunzi, Lindi mjini*

Hapana, ingawa wengi huko kwao pia huamini hivyo. Haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa nchi nzima ilikuja kwa sheria ya 1962, na jimbo la mwisho kuwaruhusu katika uchaguzi wake lilikuwa Queensland, mwaka 1965. Kura ya maoni ya tarehe 27 Mei 1967 ilibadili mambo mawili ndani ya Katiba. Kwanza, ilifuta kifungu kilichosema Waaborijini wasihesabiwe katika idadi ya watu. Pili, iliipa serikali ya shirikisho mamlaka ya kutunga sheria juu yao, mamlaka ambayo kabla ya hapo yalikuwa ya majimbo. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 90.77. Bila badiliko hilo la pili, sheria za ardhi zilizofuata zisingepata nguvu ya nchi nzima.

Nimesikia sarafu za Kilwa yetu ziliokotwa Australia. Kama ni kweli, wazee wetu walifika huko? Na hao wenyeji, bahari wanaimiliki au wanamiliki nchi kavu tu?
*Mvuvi, Kilwa Masoko*

Sarafu ni za kweli. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja wa Australia aliokota sarafu 9 katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi ile. Nne ni za Kampuni ya Kidachi iliyofanya biashara ya India ya Mashariki, na 5 ni za shaba zenye majina ya masultani wa Kilwa. Hilo halithibitishi kwamba jahazi la Kilwa lilitia nanga kule. Sarafu haina miguu, husafiri kwa mikono ya watu, na mikono kati ya Kilwa na Wessel ilikuwa mingi.

Mikono tunayoijua vizuri ni ya mabaharia wa Makassar, kutoka kisiwa cha Sulawesi. Walikuwa wakija na pepo za msimu kutafuta jongoo bahari. Waliwachemsha na kuwakausha pwani, kisha wakarudi nao kwa ajili ya soko la China. Wenyeji wa sehemu hiyo, Wayolngu, walipata nguo, tumbaku na chuma, na wengine walipanda vyombo wakaenda hadi Makassar. Hadi leo Wayolngu wakitaja fedha husema *rrupiya*, na mzee yeyote wa Kilwa aliyesikia habari za zama za Mjerumani atalitambua neno hilo. Serikali ya Australia Kusini, iliyokuwa ikisimamia eneo hilo, ikaacha kuwapa mabaharia hao leseni, na safari ya mwisho ilikuwa 1907. Wayolngu hawakuulizwa.

Kuhusu bahari, jibu linategemea unasimama wapi. Katika kesi ya kisiwa cha Croker, mwaka 2001, Mahakama Kuu ilikubali kuwa wenyeji wana haki za asili baharini, lakini si haki ya kuwazuia wengine. Tarehe 30 Julai 2008 ikaja hukumu ya Blue Mud Bay, iliyokwenda mbali zaidi kwa njia nyingine kabisa. Hati za ardhi walizopewa Waaborijini wa Northern Territory, eneo la kaskazini lisilo jimbo kamili, zinafika hadi mstari wa maji kupwa. Mahakama ikasema: kama hati inafika hapo, basi maji yanapojaa juu ya eneo hilo bado uko ndani ya mpaka wa mwenye hati. Mvuvi mwenye leseni ya serikali akitaka kuingia na nyavu zake hapo lazima apate pia ruhusa ya wenye ardhi. Hukumu hiyo iligusa takriban asilimia 80 ya pwani yote ya Northern Territory.

Kwetu haiko hivyo, mzee wetu. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na wanaochokoa pweza wakati wa bamvua hawana hati ya mwamba. Walicho nacho ni BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha usimamizi wa fukwe. Kikundi hicho kinasimamia na kulinda rasilimali, na kinaweza kuweka taratibu za kufunga na kufungua eneo, ila hakimiliki eneo lenyewe. Tofauti hiyo hujitokeza siku mradi mkubwa unapofika: msimamizi hushirikishwa, lakini mwenye hati lazima aombwe.

Kwa nini Waaustralia waliikataa ile kura ya 2023? Waliwachoka Waaborijini?
*Msomaji, Mikindani*

Kilichopigiwa kura tarehe 14 Oktoba 2023 ni chombo kilichoitwa Sauti, ambacho kingetoa ushauri kwa Bunge na serikali kwa niaba ya wenyeji wa asili. Kisingeweza kupitisha sheria wala kuzuia sheria. Wazo lilitoka kwenye tamko la Uluru la Mei 2017, ambako wajumbe wa wenyeji waliomba mambo matatu: sauti ndani ya Katiba, mikataba, na ukweli wa historia kusemwa.

Kubadili Katiba ya Australia ni kama kuvuka mto wenye vina viwili. Lazima upate wengi nchi nzima, na pia upate wengi katika majimbo yasiyopungua 4 kati ya 6. Mapendekezo 45 yamewahi kupigiwa kura tangu shirikisho lianze mwaka 1901, na yaliyopita ni 8 tu. Hakuna lililowahi kupita huku chama kikuu cha upinzani kikilipinga, na mwaka 2023 upinzani ulipinga. Takriban asilimia 60 walisema hapana na majimbo yote 6 yakakataa. Wapo Waaborijini waliokataa pia, wengine kwa kuona ushauri usio na nguvu ni kidogo mno na wakitaka mkataba kwanza. Lakini katika vituo vingi vya jamii za mbali, kule ambako wapiga kura wengi ni wenyeji, ndiyo ilishinda kwa wingi.

Hati za ardhi hazikuguswa na kura hiyo. Hasara iliyopatikana ni nyingine: chombo kilichoundwa kwa sheria ya kawaida kinafutwa kwa sheria ya kawaida. Tume yao ya ATSIC, iliyoanza kazi mwaka 1990, ilivunjwa na Bunge mwaka 2005. Ndiyo maana walikuwa wakiitafuta Katiba.

Huku kwetu watafiti wa madini ya kinywe wanapita vijijini na vyombo vyao. Waaborijini wanaweza kuikatalia kampuni ya madini? Na sisi je?
*Mkulima, Ruangwa*

Swali lako ndilo lenye uzito kuliko yote, ndugu yetu, na jibu lake ni refu.

Kwa Waaborijini, yote yalianza na boksiti. Mwaka 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 katika hifadhi ya Arnhem Land, rasi ya Gove, ili yachimbwe madini. Wayolngu wa Yirrkala wakapeleka bungeni maombi yaliyobandikwa juu ya magome ya mkalitusi, yakiwa na michoro ya koo zao pembeni na maandishi kwa Kiyolngu na Kiingereza. Bunge liliunda kamati, kamati ikapendekeza walipwe fidia, na mgodi ukaendelea. Wakaenda mahakamani. Mwaka 1971 Jaji Blackburn alikiri kuwa Wayolngu wana mfumo kamili wa sheria, kisha akahukumu kwamba uhusiano wao na ardhi si umiliki unaotambuliwa na sheria ya Kiingereza. Kushindwa huko kulizaa hasira, na hasira ikazaa tume ya Jaji Woodward, na tume ikazaa Sheria ya Haki za Ardhi ya Northern Territory ya mwaka 1976.

Sheria hiyo ndiyo yenye meno. Ardhi inayotolewa ni milki ya kudumu isiyouzwa, na wenye ardhi, kupitia Baraza la Ardhi la eneo lao, wana haki ya kusema hapana. Angalia hapana hiyo inasemwa lini: kabla ya utafiti kuanza. Wakikubali utafiti, hawawezi tena kukataa uchimbaji, wanabaki kujadili masharti tu. Wakikataa, ombi hilo halirudi kwa miaka 5. Serikali inaweza kuwapita ikitangaza kuwa ni kwa maslahi ya taifa.

Nje ya Northern Territory wengi wanategemea sheria ya 1993, iliyotungwa baada ya hukumu ya Mabo. Hiyo haina hapana. Ina haki ya kujadiliana. Serikali ikitoa tangazo la kutaka kugawa leseni, wenyeji wasiokuwa na dai lililosajiliwa wana miezi 3 kulifungua na lazima liwe limesajiliwa ifikapo mwezi wa 4. Wakichelewa, hawana kiti mezani. Ikifika miezi 6 tangu tangazo bila makubaliano, upande wowote unaweza kulipeleka jambo kwenye baraza la usuluhishi, na mara nyingi baraza huruhusu mgodi. Mwezi Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, yenye alama za watu za miaka 46,000, ikiwa na kibali halali cha jimbo mkononi. Wapuutu Kunti Kurrama na Pinikura walikuwa na hakimiliki ya asili juu ya eneo hilo. Haikuwaokoa.

Sasa Ruangwa. Madini yote ni mali ya Jamhuri, kwa hiyo leseni inatoka serikalini, haitoki kijijini. Lakini leseni si hati ya ardhi. Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni apate ridhaa ya maandishi ya mkaaji kabla ya kufanya kazi karibu na nyumba au shamba lililolimwa, ingawa ridhaa ikizuiwa bila sababu ya msingi serikali inaweza kuiondoa. Basi mtafiti akija aulizwe leseni yake, namba na ramani ya eneo, apitie halmashauri ya kijiji, na ziara yake iandikwe katika kumbukumbu za kikao.

Ikifika hatua ya kuchukua ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ina kipimo cha kukumbukwa: hekta 250. Eneo lisilozidi hapo, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi, Waziri ndiye anayeamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano huo. Kwa vyovyote vile, ardhi haihamishwi kabla aina, kiasi, namna na muda wa kulipa fidia havijakubaliwa.

Mambo huharibika wapi? Kwanza kwenye mahudhurio. Karatasi ya waliosaini posho ya semina hugeuka kuwa ushahidi wa ridhaa, kwa hiyo kila karatasi isomwe kichwa chake kabla ya kusaini. Pili kwenye uthamini. Fidia kamili ina bei ya soko ya ardhi na vilivyomo, posho ya usumbufu, usafiri, malazi na faida itakayopotea. Mti wa mkorosho huhesabiwa mmoja mmoja kwa umri na hali yake, hivyo hesabu miti yako siku mbili kabla, iandike, na uwepo shambani mthamini anapopita. Kinachopandwa baada ya uthamini hakilipwi. Tatu kwenye majina: anayeitwa jina moja kwenye kitambulisho na jingine kwenye jedwali la fidia hukaa miezi akifuatilia. Kabla hujasaini, dai nakala.

Na Gove? Ukoo wa Gumatj ulidai fidia kwa haki zilizochukuliwa kwa ajili ya boksiti ile ile. Tarehe 12 Machi 2025 Mahakama Kuu iliikatalia serikali ya shirikisho rufaa yake, ikasema kwamba haki ya asili ni mali ambayo serikali haiwezi kuichukua bila kulipa kwa haki. Kutoka magome ya 1963 hadi hapo ni miaka 62, na kiasi cha fidia kilikuwa bado hakijakadiriwa.

Shamba la mikorosho nimelirithi upande wa mama, kama ilivyo mila yetu. Sina karatasi. Hao Waaborijini walithibitisha kwa nini, na mimi nianzie wapi?
*Mama mkulima, Newala*

Mama, kule hutakiwa kuonyesha kuwa jamii imeendelea kushika sheria na desturi zake tangu kabla ya Waingereza, na kwamba desturi hizo ndizo zinazowaunganisha na ardhi. Watu wa Mer walionyesha bustani zenye mipaka iliyojulikana kwa kila familia na namna zilivyorithishwa. Watu wa Ngurrara, katika jangwa la magharibi, walichora mwaka 1997 turubai la mita 8 kwa 10, kila mmoja akikaa juu ya sehemu anayoijua, visima vyake na njia zake. Hakimiliki yao ikatambuliwa mwaka 2007. Wayorta Yorta wa kusini-mashariki walishindwa mwaka 2002. Walowezi walikuwa wamewasambaza, na mahakama ikahukumu kwamba desturi zao zilikatika njiani. Waliopokonywa mapema zaidi ndio wanaoshindwa kuthibitisha. Huo ni ubaya wa sheria yenyewe.

Wewe uko mahali pazuri kuliko wao. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa na serikali, na ipo hata kabla ya karatasi. Karatasi inakuokoa na ugomvi. Uliza kwanza kwa Mtendaji kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji, mpango wa matumizi ya ardhi na masjala ya ardhi, maana bila hivyo ombi lako litakwama wilayani. Kisha jaza fomu ya maombi. Halmashauri ya kijiji inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 90. Siku ya uhakiki majirani wa pande zote wasimame mpakani pamoja na kamati, na vipimo vichukuliwe wakiwepo. Jirani aliyekosekana siku hiyo ndiye atakayeleta kesi baadaye.

Kwa kuwa ni urithi wa upande wa mama, waite wajomba waseme mbele ya kamati shamba lilitoka kwa nani, na maneno yao yaandikwe. Mgogoro ukizuka, anza na Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 ambao wasiopungua 3 ni wanawake. Baraza hilo hupatanisha tu. Usiposuluhishwa, nenda Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 nalo ni la upatanishi, na hukumu hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Hati yako itasainiwa na wewe, Mwenyekiti na Mtendaji, kisha itasajiliwa na Afisa Ardhi wa wilaya. Kabla ya saini omba rasimu uisome, au usomewe na mtu unayemwamini, na utazame sehemu ya jina la mmiliki. Mara nyingi mwandishi huweka jina la mume au kaka kwa mazoea. Rasimu hurekebishwa siku hiyohiyo kwa kalamu. Ikishasajiliwa, kuirekebisha ni safari za wilayani.